Kufuli na Ufunguo: Kwa Nini Tumbo la Mtoto Hukataa Maziwa Baada ya Kuhara

  Kama una mtoto mapajani, keti vizuri umnyonyeshe huku ukisikiliza. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana kilicho tumboni mwa mtoto wako, kitu usichoweza kukiona kwa macho, lakini kazi yake utaiona kila siku ukimbadilisha nepi.

Kwanza niwasimulie kisa. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi tisa aliyekuwa akihara. Mtoto alikuwa bado mchangamfu, anachezea kamba ya kadi yake ya kliniki. Nilimpa mama pakiti za ORS na tembe za zinki, nikamwambia, "Mama, usiache kunyonyesha." Foleni ilikuwa ndefu, nikamwita mwingine.

Siku tatu baadaye akarudi. Safari hii mtoto alikuwa amelegea, macho yamezama, analia bila machozi. Mama akaniambia, "Sista, kila nikimnyonyesha tumbo linanguruma, halafu anahara tena. Mama mkwe akasema maziwa yangu yameharibika. Nikaacha, nikawa nampa chai ya rangi." Tulimpeleka mtoto akalazwa, akaongezwa maji, na namshukuru Mungu alipona. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimempa mama amri bila kumpa sababu. Alichokiona kwa macho yake kilikuwa cha kweli: mtoto alinyonya, tumbo likanguruma, akahara. Ni maana yake tu ambayo hakuna mtu aliyemweleza.

Leo nataka tuelezane sababu hiyo, polepole, hatua kwa hatua.

Wafanyakazi wa tumboni

Chakula tunachokula hakiwezi kuingia katika damu kikiwa kizimakizima. Ni lazima kivunjwe kiwe vipande vidogo mno. Kuna wafanyakazi wa mwili wanaofanya kazi hiyo, nao huitwa vimeng'enya. Wengine huviita enzaimu. Jina la kimeng'enya linatokana na kumeng'enya, yaani kusaga chakula tumboni. Viko vingi, na kila kimoja kina kazi yake.

Hebu fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kipande cha ugali mtupu, bila mboga wala chumvi. Kitafune polepole kwa muda mrefu bila kumeza. Baada ya muda utaanza kusikia utamu kidogo. Je, sukari imetoka wapi? Imetoka katika ugali wenyewe. Wanga wa mahindi ni mnyororo mrefu wa chembe za sukari zilizoshikana kama shanga katika uzi. Mate yako yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi, na kazi yake ni kuukata mnyororo huo.

Sasa fikiria bua la mahindi. Ukilitafuna kutwa nzima, nyuzi zake utazitema vilevile zilivyo. Jambo la ajabu ni kwamba nyuzi za bua nazo zimejengwa kwa shanga zilezile za sukari, yaani glukosi, kama unga wa mahindi. Tofauti ni namna shanga moja ilivyounganishwa na nyingine. Kiungo kimegeuzwa upande tu. Kwa sababu hiyo ndogo, amilesi inapita hapo bila kushika kitu. Ng'ombe hula mabua akashiba, lakini hata yeye hana kimeng'enya hicho cha kwake mwenyewe. Anasaidiwa na vijidudu vinavyoishi tumboni mwake.

Basi hapo tunajifunza jambo la kwanza: kimeng'enya huchagua. Hakikati kila kinachopita mbele yake. Je, kinajuaje kipi ni chake?

Kufuli na ufunguo

Mwaka wa 1894 mwanasayansi wa Ujerumani, Emil Fischer, alitoa mfano ambao tunautumia hadi leo. Alisema kimeng'enya na kile kinachokatwa vinafanana na kufuli na ufunguo. Wewe mama una kufuli ya mlango na kufuli ya sanduku. Funguo zote mbili ni za chuma, pengine hata zinalingana kwa urefu, lakini wa sanduku haufungui mlango. Kinachohesabika ni umbo la meno yake.

Kimeng'enya ni protini. Kifikirie kama uzi mrefu sana uliokunjwakunjwa ukawa kifundo. Katika kifundo hicho kuna kijishimo, kama mfuko mdogo, chenye umbo maalumu. Chembe za chakula huelea katika maji ya tumboni zikigongana ovyo. Chembe isiyolingana na kijishimo hugonga ikaenda zake. Chembe inayolingana huingia na kutulia. Ndani ya kijishimo kuna sehemu zinazovuta chembe hiyo kidogo hapa na kidogo pale, mfano wa sumaku. Mvuto mmoja peke yake ni dhaifu, lakini mivuto yote ikikutana mahali pake, chembe hushikika. Ndivyo kimeng'enya kinavyoitambua. Hakina macho wala akili. Ni umbo na mvuto tu.

Mwaka wa 1958 mwanasayansi wa Marekani, Daniel Koshland, aliongezea jambo. Alisema kufuli hii si ngumu kama ya chuma. Chembe ikiingia, kimeng'enya hujinyoosha na kujikunja kidogo ili kuikumbatia vizuri. Akina mama, mnaijua leso ya kumbebea mtoto mgongoni. Kabla hujambeba mtoto, leso ni kitambaa tu. Ukishamweka mgongoni na kukaza, leso huchukua umbo la mtoto. Ndivyo kimeng'enya kinavyofanya, lakini kwa mtoto wake tu, si kwa kila mzigo.

Kikishaikumbatia chembe, huikaza mahali pa kiungo mpaka kiungo kikavunjika kwa urahisi. Vipande viwili hutoka, na kijishimo hubaki wazi. Kimeng'enya chenyewe hakijaisha wala kuharibika. Kinangoja chembe nyingine, na kazi inaendelea, mara nyingi sana kwa sekunde moja.

Kufuli ya maziwa

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Maziwa yana sukari yake inayoitwa laktosi. Iko katika maziwa ya mama, ya ng'ombe, ya mbuzi na ya ngamia. Laktosi ni shanga mbili zilizoshikana: moja ni glukosi, nyingine ni galaktosi. Zikiwa zimeshikana, haziwezi kupita ukuta wa utumbo ziingie katika damu. Ni lazima zitenganishwe.

Kimeng'enya kinachozitenganisha kinaitwa laktasi. Majina haya mawili yanafanana kama ya ndugu, basi tukumbuke hivi: laktosi ni sukari, laktasi ni kimeng'enya. Amilesi ya mate haiwezi kufanya kazi ya laktasi. Kimeng'enya cha kukata sukari tunayotia katika chai nacho hakiwezi. Hakuna jirani wa kumwazima. Laktasi isipokuwepo, sukari ya maziwa haikatwi.

Laktasi hukaa wapi? Hukaa katika ukuta wa utumbo mdogo. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo vidogo vilivyosimama kama manyoya ya taulo. Laktasi iko kwenye ncha za vinyweleo hivyo. Nayo hapo ndipo shida ilipo. Mtoto akipata kuhara kutokana na virusi au vijidudu vingine, ncha ndizo zinazoumia kwanza, na laktasi inapungua pamoja nazo.

Sasa mtoto ananyonya. Sukari ya maziwa inafika, haikuti kimeng'enya chake, inapita bila kukatwa. Sukari huvuta maji, kwa hiyo maji huongezeka utumboni. Ikifika utumbo mkubwa, vijidudu vinavyoishi huko huila na kuichachusha. Hapo hewa hutokea, tumbo hunguruma na kujaa. Kinyesi huwa cha majimaji chenye harufu ya uchachu, na ngozi ya matako huwa nyekundu kwa sababu ya asidi.

Mama yule aliyoyaona ndiyo hayo. Maziwa yake hayakuwa yameharibika. Jua halikuyaharibu, wala hasira, wala jicho la mtu. Ufunguo ulikuwa mzima. Kufuli ndizo zilizokuwa zimepungua kwa muda.

Tena si kila mtoto anayehara hupatwa na shida hii. Wengi huendelea kunyonya bila kuzidiwa, kwa sababu laktasi hubaki ya kutosha. Na kwa anayepatwa nayo, si ugonjwa wa maisha. Ukuta wa utumbo hujijenga upya upesi, seli mpya huchukua nafasi ya zile za zamani kwa siku chache tu. Laktasi huanza kurudi, ingawa kwa baadhi ya watoto huchukua wiki kadhaa.

Kwa nini basi tusiache kunyonyesha?

Najua kuna mama anayeniuliza hapo alipo: "Sista, kama sukari ya maziwa ndiyo inayoleta kunguruma, si afadhali nimpumzishe mtoto?" Ni swali zuri, tena la haki. Zaidi ya hayo, maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Yana kama gramu 7 katika kila mililita 100, na ya ng'ombe kama gramu 5.

Jibu ni kwamba maziwa yako si laktosi peke yake. Ndani yake kuna maji, mafuta, protini na kinga dhidi ya vijidudu, pamoja na vitu vinavyosaidia ukuta wa utumbo kupona. Laktosi kidogo inapotea, lakini vingine vyote vinaingia mwilini. Kinachomuua mtoto anayehara ni kukaukiwa na maji na chumvi, na baadaye utapiamlo. Ukimnyima titi, umemwongezea yote mawili. Utumbo unaonyimwa chakula hukawia kujijenga. Kwa hiyo mnyonyeshe mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, usiku na mchana. Kiasi kidogo kinachofika polepole kinaweza kukatwa hata na laktasi chache zilizobaki.

Je, chai ya rangi? Haina chumvi anayoihitaji mtoto, wala lishe. Soda ina sukari nyingi mno, na sukari ikizidi huvuta maji kama tulivyosema.

Sasa tazama hekima iliyo katika ORS. Sukari yake ni glukosi, shanga moja moja, ambayo haina kiungo cha kukatwa. Haihitaji laktasi wala kimeng'enya kingine. Katika ukuta wa utumbo kuna milango inayoitambua glukosi pamoja na chumvi. Hupitishwa kwa pamoja, na maji hufuata nyuma. Ndiyo maana vipimo vya pakiti ni muhimu. Tia maji safi ya kunywa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti yako, usipunguze wala kuzidisha, na usiongeze sukari.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara. Wa miaka miwili na zaidi mpe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Zinki apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma: miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na miligramu 20 kwa wa miezi sita na zaidi. Zinki husaidia utumbo kupona.

Maziwa lala na uji wa kimea

Kwa mtoto aliyepita miezi sita na ambaye tayari hula vyakula vingine, tunaweza kutumia maarifa haya ya kufuli na ufunguo jikoni.

La kwanza ni maziwa lala. Maziwa yanapoganda, vijidudu vizuri vilivyomo hutumia kimeng'enya chao wenyewe kukata sehemu ya laktosi, kisha huigeuza kuwa asidi. Ule uchachu unaousikia ni alama ya kazi hiyo. Kama mtoto alikuwa akinywa maziwa ya ng'ombe na kuhara kunakawia, maziwa lala huwa mepesi kwake. Lakini yatengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa, katika chombo safi. Hayachukui nafasi ya titi.

La pili ni kimea cha wimbi. Nyanya zetu wanakijua. Nafaka ikiota hujitengenezea amilesi yake ili mche upate sukari ya kukulia. Loweka wimbi, uache lichipue kidogo, likaushe vizuri juani, kisha lisage. Sasa pika uji mzito ambao kijiko kinasimama. Uepue, uache upoe kidogo mpaka uwe vuguvugu, halafu tia kijiko kidogo cha unga wa kimea ukoroge. Kwa dakika chache uji ule mzito utalegea mbele ya macho yako, bila wewe kuongeza tone la maji. Amilesi imekata minyororo ya wanga. Rudisha uji motoni uchemke dakika chache ili kuua vijidudu, kisha umpe mtoto. Sasa ni mwepesi kumeza, lakini chakula ndani yake ni kingi kama cha uji mzito.

Mbona usitie kimea uji ukiwa unatokota? Kwa sababu joto kali hukifumua kile kifundo cha protini. Umbo la kijishimo linapotea, na kufuli iliyopoteza umbo haitambui tena ufunguo wake. Ukikitia wakati huo, uji utabaki mzito vilevile.

Mtu mzima je?

Baadhi yenu mna mume au dada asiyeweza kunywa maziwa bila tumbo kumsumbua, ingawa utotoni aliyanywa. Hilo ni jambo la kawaida duniani. Kwa watu wengi laktasi hupungua baada ya utoto. Kwa wengine hubaki maisha yote, hasa katika jamii za wafugaji. Mwaka wa 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Ulionyesha mabadiliko katika jeni yanayoifanya laktasi iendelee ukubwani. Kwa hiyo asiyeweza kunywa maziwa hana deko wala hajarogwa. Ajaribu kiasi kidogo pamoja na chakula, au maziwa lala.

Usingoje nyumbani

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona dalili hizi:

- Amelegea, halali usingizi wa kawaida, au ni vigumu kumwamsha.
- Hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu.
- Macho yamezama, au ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole.
- Kuna damu katika kinyesi.
- Amepata degedege au ana homa kali.
- Kuhara kumefika siku 14.

Na mtoto wa chini ya miezi miwili akihara, usingoje dalili yoyote. Mlete.

Kabla hatujaagana, nawaombeni jambo moja. Leo jioni mweleze mtu mmoja nyumbani habari ya kufuli na ufunguo, hasa yule mnayemsikiliza wote mtoto akiugua. Kama ni mama mkwe, mwambie kwa heshima. Naye anampenda mtoto, na aliyosema ndiyo aliyoambiwa na waliomtangulia. Mwambie maziwa ni mazima, ni kufuli zinazojengwa upya, na fundi anahitaji chakula ili amalize kazi.

Mama yule wa kisa changu alirudi kliniki miezi michache baadaye na mtoto amenenepa. Nilimweleza yote niliyowaeleza leo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sista, ungeniambia hivi siku ile, nisingeacha." Ndiyo sababu nimechukua muda wenu mrefu leo.

 Nyonyesheni.